Kliniki Nne, Mama Mmoja

Mama alipovuka miaka sabini, sisi wanawe tulijiona tumemtendea haki. Alikuwa na kliniki ya presha katika hospitali ya wilaya, kliniki ya sukari katika hospitali nyingine mjini Tanga, daktari wa macho aliyekuja na timu yake kila baada ya muda, na kijana wa duka la dawa mtaani kwetu Muheza aliyempa dawa za magoti hata kwa mkopo. Kaka mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alilipia mambo ya sukari. Dada alisimamia presha. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyebaki karibu na nyumbani, nilikuwa mtu wa kutafuta bajaji na kukaa naye kwenye benchi. Majirani walitusifu wakisema watoto wa bi mkubwa wanajua kulea.

Nilichokuja kujifunza ni kwamba mzee anaweza kuwa na madaktari wengi, dawa nyingi na watoto wanaotuma pesa kwa wakati, na bado asiwe na mtu hata mmoja anayemwangalia yeye mzima. Kila kliniki ilikuwa na faili lake, na kila faili lilikuwa na Mama wake. Wa presha hakuwa na magoti. Wa sukari hakuwa na macho. Wa macho hakuwa na choo cha nje.

Mambo yalianzia magotini. Mama amelima maisha yake yote, na palizi ya miaka mingi haikuyaacha magoti salama. Kijana wa dukani alimpa diklofenaki, nayo ilimfaa kweli: asubuhi aliweza kuinama kufagia uwanja bila kuguna. Ila dawa za kundi hilo huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, na huzielemea figo, hasa za mzee mwenye kisukari. Baada ya muda kliniki ya presha ikakuta namba zimepanda. Hawakumuuliza habari za magoti, naye hakuona sababu ya kuyataja, maana kliniki ile ni ya presha na magoti yana mwenyewe. Wakamuongezea amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10.

Amlodipini ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini kipimo kikiwa kikubwa miguu huweza kuvimba. Ya Mama ikavimba mpaka ndala zikawa hazimuingii. Safari iliyofuata alionwa na mtu mwingine, aliyetazama miguu ile akamwandikia dawa ya kutoa maji mwilini. Juu ya bahasha waliandika 1 x 2, basi. Mama akameza kidonge cha kwanza asubuhi na cha pili baada ya Isha, pamoja na vingine vya usiku, ili asisahau. Tangu hapo akawa haamki tena mara moja usiku, ila mara nne au tano. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, unashuka vidato viwili vya saruji. Taa ya huko ilikuwa imeungua. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho ambaye timu ya macho ilishamwona, ikamwandika kwenye orodha ya kusubiri.

Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Wote tulishukuru kwamba haikuwa nyonga, maana tumezika wazee kadhaa mtaani ambao safari yao ilianza kwa kuvunjika nyonga. Hospitali wakamfunga plasta, wakamchoma sindano ya maumivu. Sindano yenyewe ilikuwa diklofenaki.

Ninapoisimulia habari hii, wasikilizaji hutafuta wa kumlaumu, nami huwaambia wasijisumbue. Kijana wa dukani alituliza maumivu. Kliniki ya presha iliona presha ikaitibu. Aliyeona uvimbe aliutibu uvimbe. Kila mmoja alifanya alichofundishwa juu ya kipande alichoonyeshwa. Mama alivunjika kwenye nafasi iliyoachwa kati yao, na nafasi hiyo haina ofisi wala mtu wa kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa hivyo wana zaidi ya miaka 60. Sidhani kama vyeti vyao hutaja nani aliandika dawa gani miezi sita kabla.

Aliyeunganisha vipande hivyo alikuwa nesi wa zahanati ya jirani, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Tulikwenda kwake kwa jambo dogo tu, kuangaliwa ngozi iliyochubuliwa na plasta. Alimpima Mama presha, akamtazama usoni, akanigeukia.

"Mwalimu, kesho mrudishe Bibi, na mje na kila kitu anachotia mdomoni. Na mitishamba. Na vya jirani."

"Vya jirani?"

"Muulize mwenyewe."

Mama aliangalia pembeni.

Kesho yake tulifika na mfuko wa rambo, mmoja wa ile michache iliyonusurika na marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019. Nesi aliumwaga juu ya meza, akaanza kupanga bahasha kama anayepanga karata. Zilikuwapo bahasha mbili zenye majina tofauti ya kiwanda na dawa ileile ndani, kila moja kutoka kliniki yake, na Mama alikuwa akizimeza zote. Vilikuwapo vidonge vya pinki visivyo na jina.

"Hivi, Bibi, kakupa nani?"

"Mwenzangu wa kisomo. Yeye vimemfaa sana moyo wake."

"Na wewe moyo unakusumbua?"

"Hausumbui. Nilitaka usije ukanisumbua."

Nesi hakucheka wala hakugomba. Aliandika kila kitu kwenye karatasi moja, kisha akaanza kumuuliza Mama maswali ambayo kwa miaka yote ya foleni sikuwahi kusikia akiulizwa. Usiku unaamka mara ngapi? Umeanguka mwaka huu, hata kama hukuumia? Gauni hili lilikuwa likikutosha mwaka jana? Alimpima uzito. Alimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na presha ikashuka sana aliposimama; hapo tukajua kizunguzungu alichokuwa akikipata alfajiri kinatoka wapi. Alisimama nyuma yake akamnong'oneza maneno, sikio la kushoto likawa halina habari. Alimtajia vitu vitatu avishike: chungwa, mlango, mbuzi. Akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, akamwambia ainuke na kukaa mara tano haraka awezavyo bila kushika popote. Mama aliinuka mara tatu, akaketi akihema na kucheka: "Nesi, mwanangu, wanitaka ngomani?" Alipoulizwa vile vitu vitatu, chungwa na mbuzi alivikumbuka. Cha tatu akasema ni "kile cha kutokea".

Swali la mwisho ndilo lililonishika. "Bibi, kuna jambo ulikuwa ukilifanya kila wiki, sasa umeliacha?"

Mama alinyamaza kidogo. Akasema ameacha kwenda kisomo cha Alhamisi. Sisi nyumbani tulidhani ni uvivu wa uzee, au magoti. Akasema hapana, anaona haya. Ile dawa ya maji inamtoa mkekani kila mara, na nyumba za watu huwezi kuuliza choo mara tatu kabla dua haijaisha. Kidonge kilichotolewa kwa ajili ya miguu kilikuwa kimemtenga na wenzake aliokuwa nao kwa miaka thelathini, na hakuna faili lililoandika hivyo.

Nesi hakukata dawa hata moja kwa amri yake mwenyewe. Alimpigia simu daktari wa hospitali ya wilaya, akamsomea karatasi ile kuanzia juu hadi chini, akatuandikia rufaa ya kwenda kumwona yeye na si mwingine. Daktari alisimamisha diklofenaki, akarudisha amlodipini kwenye miligramu 5 na kuongeza dawa nyingine ya presha kwa kipimo kidogo, akaiondoa dawa ya maji kwa kuwa haikuwa na kazi tena, na kufuta bahasha iliyojirudia. Magoti yakapewa parasetamoli na mazoezi. Vidonge vilipungua karibu nusu, miguu ikanywea, na usiku ukarudi kuwa usiku. Narudia kwamba kazi hiyo ilifanywa na daktari: dawa ya presha au sukari haikatwi nyumbani kwa sababu mtu amesoma makala.

Baadaye, kwa udadisi wa kialimu, nilitafuta yale maswali ya nesi yametoka wapi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya huduma unganishi kwa wazee, na mwaka 2019 likatoa kitabu cha kuwaongoza wahudumu wa ngazi ya msingi. Msingi wake ni kwamba kwa mzee usianze na orodha ya magonjwa. Anza na uwezo wake. Uwezo huo umegawanywa katika mambo sita: kutembea, kumbukumbu, lishe, kuona, kusikia na hali ya moyoni, yaani huzuni na sonona. Kila moja lina kipimo cha kuanzia kisichohitaji mashine. Kuinuka kwenye kiti mara tano kusizidi sekunde 14. Maneno matatu. Kupungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia. Mnong'ono nyuma ya sikio. Anayeshindwa kimoja huchunguzwa zaidi, kisha mzee, familia na wahudumu huandika mpango mmoja na kuufuatilia. Umoja wa Mataifa nao ukaitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya. Yote haya yanaweza kufanyika kwenye zahanati yenye kiti, mizani na kipimo cha presha. Kinachohitajika zaidi ni nusu saa ya mtu mmoja.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi zaidi. Tulifanya kikao cha familia, kaka akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Kila mmoja alikuja na ushauri wake: huyu kasikia habari za mlonge, yule ana rafiki daktari, wa tatu anataka Mama ahamie Dar es Salaam. Mama alitusikiliza mpaka tukachoka, ndipo akasema: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagueni mmoja, na mimi mwenyewe niwemo." Nikachaguliwa mimi kwa kuwa niko karibu. Pesa za wote zikaingia kwenye simu moja, na ushauri wa wote ukapita kwanza kwa nesi.

Tulinunua daftari gumu. Ukurasa wa kwanza una jina lake, magonjwa yake, dawa anazotumia na saa ya kuzimeza, dawa asizopaswa kupewa, na namba ya simu ya kupiga. Zinazofuata ni za presha, sukari, uzito, macho, masikio, meno, na kuanguka hata kwa kujikwaa. Popote anapotibiwa, daftari huwekwa mezani kabla hajaeleza shida, na anayemtibu huombwa aandike alichokiona na alichokibadilisha. Wapo waliolitazama kwa jicho la pembeni kana kwamba tunawakagua. Wengi walishukuru, maana liliwaokolea muda. Kijana wa duka la dawa alikuwa wa kwanza kuwa upande wetu. Aliomba anakili ukurasa wa kwanza, na tangu hapo hamuuzii Mama kitu kabla hajanipigia.

Kwa ajili ya njia ya chooni, fundi alikuja kwa siku moja. Aliweka bomba la kushikia ukutani, akaongeza kidato cha tatu ili mteremko uwe mdogo, akapaka rangi nyeupe kwenye kingo. Taa ya sola ikafungwa juu ya mlango wa choo. Ndala zilizolika soli tukazitupa, tukamnunulia viatu vyenye mkanda wa nyuma. Gharama yote ilikuwa chini ya tuliyotumia kwa nauli, picha na plasta ya ule mkono.

Uzito uliopungua ulikuwa na siri yake. Tulidhani hali chakula kwa sababu ya sukari, kumbe magego yalikuwa yameisha na aliona aibu kutafuna mbele ya wakwe. Alikuwa akiishi kwa uji na chai. Dagaa wakasagwa, maharage yakaiva zaidi, mayai na maziwa vikaongezwa, na misuli ikarudi pole pole. Jambo gumu lilikuwa ng'onda na papa mkavu. Mtu wa pwani kumwambia aache papa ni kumtangazia vita, na chumvi ya papa inaijua vizuri njia ya kwenda kwenye presha. Tulielewana kwamba papa ataloweshwa usiku kucha, maji yatamwagwa, na ataliwa Ijumaa tu. Mara kwa mara hukiuka, kisha huandika mwenyewe kwenye daftari: "Papa, Jumanne."

Mazoezi aliyakataa mpaka yalipopewa heshima ya kazi. Kila asubuhi huinuka kwenye kiti na kukaa huku akihesabu, kisha husimama kwa mguu mmoja ameshika nondo za dirisha, kisha huenda gengeni mwenyewe. Mkongojo aliuita kitu cha wagonjwa. Mjukuu alipomchongea mkwaju wa mti mzuri na kumwambia ni wa heshima, aliutwaa siku hiyohiyo. Hapo niliona kwamba mzee hulindwa kwa kushauriwa, na kwamba ukimwamuru kama mtoto atakuonyesha kuwa si mtoto, hata kama itamgharimu mfupa.

Sikio la kushoto lilikuwa limejaa nta, likasafishwa, akaacha kutujibu mambo tusiyomuuliza. Jicho likafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi, akarudi nyumbani siku ileile. Bandeji ilipotolewa alitazama dari la chumba chake, akauliza nani kawakaribisha buibui wote wale. Tulicheka, lakini jambo la macho na masikio lina uzito wake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni, likakadiria kwamba karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo endapo mambo hayo yangeshughulikiwa. Ndani ya orodha hiyo yamo presha, kisukari, usikivu hafifu, macho yasiyotibiwa na upweke. Na katika mikoa ya kanda ya ziwa, vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Huduma ya macho ya bibi kizee huweza kuwa kinga ya uhai wake kwa njia ambayo vitabu vya udaktari havikuiwaza.

Hata saumu iliingia kwenye daftari. Mama alikuwa akifunga Ramadhani nzima huku akimeza dawa ya sukari kwa saa zilezile, na mara mbili tatu alitetemeka na kutoka jasho kabla ya futari. Kabla ya Ramadhani iliyofuata, nesi alitutuma tukaonane na daktari, daktari akaeleza hatari ya sukari kushuka, na imamu wa mtaa akamkumbusha kwamba dini imewapa wagonjwa na wazee ruhusa ya kutofunga na kulisha masikini badala yake. Aliyasikia kwa wote wawili, akakubali. Angeambiwa na mmoja tu, nina hakika angefunga.

Siku moja tulikuwa kwenye benchi la zahanati, asubuhi ya kliniki ya watoto. Kina mama walijaa na watoto mgongoni, kila mmoja na kadi mkononi. Mama aliwatazama muda mrefu, akasema: "Hawa wana kadi, sisi tuna bahasha."

Sijasikia mtaalamu aliyesema vizuri zaidi. Kadi ya mtoto ina uzito wa kila mwezi uliochorwa kwenye mstari, chanjo alizopata na zilizobaki, matone ya vitamini A, na tarehe ya kurudi. Mtoto akihama kutoka Muheza kwenda Kigoma, kadi inahama naye, na nesi wa Kigoma ataendelea alipoishia wa Muheza. Hakuna anayemngoja mtoto augue surua ndipo ampokee. Kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI nazo zina kadi na namba, na asiyefika siku yake hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani. Kwa hiyo nchi hii haihitaji kufundishwa huduma ya kinga iliyounganishwa. Inaijua, na imeifanya kwa miaka mingi hadi vijijini. Haijaipeleka kwa wazee.

Na wazee si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu milioni 3.5 kati yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta karibu 7 kati ya 10 wana shinikizo la damu, na wengi wa hao hawakuwa wakijua. Wasiojua hawana hata hiyo bahasha.

Karatasi za kisera zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo, na karibu kila hospitali ina dirisha lao lenye maandishi ya kuwapa nafasi ya kwanza. Ni jambo jema, na Mama amefaidika nalo. Lakini dirisha la wazee linampunguzia mzee foleni. Halimuunganishi na dirisha la pili. Na mara nyingi msamaha huishia pale anapoambiwa dawa hii nenda kanunue nje, akarudi kwa kijana wa duka. Zanzibar tangu Aprili 2016 inawapa pensheni wote wenye miaka 70 na zaidi, iliyoanza kwa Sh 20,000 kwa mwezi. Kwa mzee, kiasi kama hicho ni nauli ya kliniki na mayai ya wiki, na vyote viwili ni kinga.

Nafasi ya kurekebisha haijapotea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watu hawa watapita mlango kwa mlango. Watauliza habari za mjamzito na za mtoto, kama ilivyozoeleka, na ni sawa. Wafundishwe pia kumkalisha bibi kwenye kiti na kuhesabu anainuka mara ngapi, kutazama choo kiko wapi, na kuomba kuonyeshwa dawa zote.

Mama sasa amevuka themanini. Presha yake haijawahi kuwa nzuri sana, sukari hupanda na kushuka, na alishaanguka tena mara moja kwenye zulia la wenyeji wake, bila kuvunjika. Alhamisi hakosi kisomo. Sisemi hayo ili mtu adhani daftari linaponya. Uzee haukupona, uliacha tu kuharakishwa na waliotaka kuutibu.

Basi ndugu msomaji, ukienda kwenu likizo hii, usiishie kuuliza "mnaendeleaje" na kuacha pesa. Omba uonyeshwe dawa zote, hata zilizofichwa. Ziandike mahali pamoja, upeleke orodha hiyo kwa mhudumu mmoja wa afya atakayekubali kuisoma yote. Uliza kuhusu usiku, kuhusu kuanguka, kuhusu meno, na kuhusu jambo ambalo mzee ameacha kulifanya. Kubalianeni nani kati yenu atakuwa na neno la mwisho, na mzee mwenyewe awe wa kwanza kusikilizwa. Na ninyi mlio wizarani na kwenye halmashauri, mtoto wa siku moja mmempa kadi inayomfuata nchi nzima. Mpeni na bibi yake.